Zoni ya afya ni ya nani? Zungumzo kwa wakimbizi wa vita na kwa wakubwa wa vijiji

Jambo kwenu ninyi mnaolala chini ya turubai, na ninyi mnaolala ndani ya vyumba vya masomo na makanisa. Jambo kwenu baba na mama mliopokea jamaa tatu ao nne ndani ya nyumba moja. Jambo kwenu waheshimiwa bami, machefu wa lokalite, wazee wa nyumba kumi, na ninyi wote mnaoketi katika komite za afya.

Leo tunazungumza juu ya mpango wa afya wa inchi yetu kwa miaka mingi inayokuja. Ninajua kuna mama mmoja ambaye amekwisha kunyoosha mkono apunguze sauti ya redio. Anasema: mtoto wangu ana homa usiku huu, nawe unaniletea habari za miaka 20! Mama, subiri kidogo. Kesho asubuhi utamfunga huyo mtoto mgongoni na kwenda kwenye kituo cha afya. Utakuta mlango wazi ao umefungwa. Utakuta dawa ao kabati tupu. Utakuta munganga yuko kazini, ao utaambiwa amekwenda kulima kwa sababu hajalipwa tangu miezi mingi. Yote hayo yaliamuliwa zamani, na watu fulani, mahali fulani, na mengine yaliamuliwa hapa hapa kijijini kwenu katika mkutano ambao hukwenda. Ndiyo sababu ninakuomba uache redio iseme.

Tuanzie mbali kidogo. Wazee wenu wanakumbuka namna ilivyokuwa: hospitali kubwa za serikali mjini, hospitali za misioni, hospitali za makampuni ya migodi na ya mashamba. Mtu wa kijijini alibebwa kwa tipoyi siku moja ao mbili, na mara nyingi wabebaji walirudi na maiti. Katika miaka ya 1970 watu wa hapa kwetu walianza kujaribu njia nyingine. Kule Kasongo, katika Maniema, Wakongo walitumika pamoja na chuo cha magonjwa ya inchi za joto cha Antwerp, Ubelgiji. Kule Bwamanda, katika Equateur ya zamani, kule Vanga katika Bandundu na kule Kisantu katika Bas-Congo, wengine walifanya vilevile kwa namna yao. Waliuliza swali rahisi: kati ya wagonjwa wote wanaojaza hospitali, ni wangapi wangeweza kutunzwa karibu na nyumba zao, na munganga wa kawaida aliye na dawa chache na mwongozo mzuri? Wakaona ni wengi sana. Malaria isiyo kali, kuhara, kikohozi cha watoto, uzazi usio na matata, chanjo, hayo yote hayangoji daktari wa kupasua.

Mwaka 1978 mataifa yalikutana kule Alma-Ata, mji ambao leo uko katika inchi ya Kazakhstan, yakakubali kwamba matunzo ya afya ya msingi ndiyo njia ya kufikia watu wote. Inchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, ilikuwa tayari na mifano yake yenyewe. Kisha katika miaka ya 1980 inchi nzima ikagawanywa katika zoni za afya 306. Mpango ulioitwa SANRU, ulioanza mwaka 1981 chini ya Kanisa la Kristo katika Zaire pamoja na msaada wa Marekani, ulisaidia zoni nyingi za vijijini kusimama. Baadaye, kuanzia 2003, mipaka ilichorwa upya, na leo zoni ni 519.

Wengi wenu mmezaliwa ndani ya zoni ya afya bila kujua namna imejengwa. Sikilizeni. Zoni moja ya vijijini imekusudiwa kubeba watu kadiri ya 100,000. Katikati kuna hospitali kuu ya zoni, ile ya kupasua na kuongeza damu. Kuna ofisi ya zoni na munganga-mkuu wake. Zoni imegawanywa katika maeneo ya afya, na kila eneo linapashwa kuwa na kituo cha afya chenye titulere wake, ndiye munganga anayekijibia kituo. Kisha, na hapa ndipo ninawaomba mfungue masikio, kila eneo linapashwa kuwa na komite ya afya iliyochaguliwa na wakaaji, na watu wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba, wale tunaowaita mareko. Wakaaji wamewekwa ndani ya mpango tangu mwanzo. Munganga-mkuu hana ruhusa ya kusema kwamba kituo ni mali yake, na mwami pia hana. Hata mzungu wa shirika aliyejenga ukuta na kuandika jina la shirika juu ya mlango hawezi kusema hivyo.

Je, mpango huo ulifaa kitu? Ninaujibia kwa habari ya mwaka 1991. Mwezi wa 9 wa mwaka ule askari walipora Kinshasa na miji mingine, wageni wakakimbia, na misaada mikubwa ikakatwa. SANRU ikasimama. Watu wenye hekima walifikiri zoni zitakufa kwa miezi michache. Nyingi ziliumia sana, na zingine zilibaki jina tu. Lakini nyingi zingine ziliendelea kupima wagonjwa, kwa sababu zilishikwa na makanisa, na komite za vijiji, na wanganga waliobaki kwao wakilipwa kidogo kidogo kwa feza za wagonjwa, ao kwa kuku na maharagwe. Miaka mitano nyuma, vita vya 1996 vikaja, kisha vile vya 1998. Inchi ikakatwa vipande, kila kipande na bendera yake. Lakini zoni za afya zilibaki na mipaka ileile pande zote mbili za mstari wa vita. Titulere wa kijiji kimoja aliendelea kuandika katika daftari ileile. Sijui kazi nyingine ya serikali iliyovuka vita vile ikiwa na sura yake namna hiyo, isipokuwa labda masomo, na hayo pia yalishikwa na wazazi.

Mwaka 1999 kulitokea jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Ugonjwa wa polio ulikuwa unalemaza watoto wetu, na watu wa chanjo hawakuweza kupita katikati ya bunduki. Kofi Annan, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliomba pande zote zisimamishe mapigano kwa siku za chanjo. Mkataba wa Lusaka ulikuwa umetiwa sahihi tarehe 10 mwezi wa 7 mwaka uleule, na bado risasi zilikuwa zinalia mahali pengi. Hata hivyo siku hizo zilipatikana, na mamilioni ya watoto wakapata matone mdomoni, upande huu na upande ule. Ninaomba wakubwa wa vijiji wakumbuke jambo hilo kila mara mtu anapowaambia kwamba na adui hakuna neno la kuzungumza. Juu ya mtoto wa miaka miwili, mlizungumza.

Lakini kuna upande mwingine, na redio ya amani haipashwe kuuficha. Tarehe 6 mwezi wa 10 mwaka 1996, hospitali ya Lemera, katika Kivu ya Kusini, ilishambuliwa. Wagonjwa waliuawa wakiwa vitandani, pamoja na watumishi wa hospitali. Munganga Denis Mukwege ndiye aliyekuwa akiiongoza hospitali ile. Miaka mitatu nyuma alianzisha hospitali ya Panzi kule Bukavu, na mwaka 2018 akapewa zawadi ya Nobel ya amani. Dunia inajua Panzi. Sisi tunapashwa kujua pia Lemera, kwa sababu hospitali moja ikibomolewa, watu wa milima yote ya kando yake wanarudi kwenye tipoyi.

Wachunguzi wa shirika IRC walikadiria kwamba kati ya 1998 na 2007 vita na matokeo yake viliondoa watu milioni 5.4 katika inchi yetu. Wengine wanabishana juu ya hesabu hiyo, na wana haki ya kubishana. Ila jambo moja halina ubishi mkubwa: wengi wa waliokufa hawakuuawa na risasi. Waliuawa na malaria, kuhara, magonjwa ya mapafu, njaa, na uzazi bila msaada. Ninyi mliolala porini juma tatu na watoto wadogo hamna lazima ya mchunguzi awaeleze hayo.

Basi, tufike kwa matata yenyewe. Zoni za afya zilivuka vita, lakini zilivuka zikiwa zimebebwa na mgonjwa. Serikali ilipoacha kuleta feza, nani alilipa? Aliyelala kitandani. Mpaka leo sehemu kubwa ya feza inayotumikisha vituo vyetu inatoka moja kwa moja mfukoni mwa wagonjwa. Wanganga wengi wanaotumika katika vituo vya serikali hawamo katika orodha ya mishahara, wanagawana kile kilichoingia kwenye sanduku. Ndiyo sababu mnasikia habari za mama aliyezaa vizuri, mtoto mzima, na kisha akazuiwa hospitalini majuma mengi kwa sababu bwana wake hakupata feza ya kulipa. Wengi wenu mnamjua mama kama huyo. Ni haya kwetu sote. Lakini hatutamaliza jambo hilo kwa kumtukana munganga tu, kwa sababu yeye pia ana watoto, na hakuna anayemlipa.

Watu wa Bwamanda waliona matata hayo mapema. Mwaka 1986 walianzisha mituele: kila jamaa ililipa kitu kidogo mara moja kwa mwaka, wakati wa mavuno, feza ikiwa mkononi, na aliyeugua kwa nguvu akapelekwa hospitali alilipa sehemu ndogo tu ya bei. Watu waliingia kwa wingi, na hospitali ikapata feza inayojulikana mapema. Kwa nini ilifaulu kule, na kwa nini mituele nyingi zingine zimekufa? Ninafikiri ni kwa sababu ya mambo mawili. Hospitali ya kule ilikuwa inatunza watu vizuri, kwa hiyo mtu alilipa akijua analipa nini. Na feza ilishikwa na watu ambao walijulikana na wote. Mituele ya hospitali isiyo na dawa ni kodi tu, na watu wa kwetu wamekwisha kulipa kodi nyingi.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Tuseme eneo lenu la afya lina jamaa 1,000. Kila jamaa ikitoa franka 1,000 kwa mwezi, hiyo ni franka milioni moja kila mwezi, na milioni 12 kwa mwaka. Haitoshi kujenga hospitali. Inatosha kufanya kabati la kituo lisiwe tupu, na kubeba wamama kadhaa wanaohitaji kupasuliwa. Ninyi mnaocheza likelemba mnaielewa hesabu hii kuliko mimi. Ila mtaniambia: jamaa mia mbili kati ya hizo 1,000 hazina kitu, zimetoka vitani na watoto tu. Ni kweli, na ndipo tunafika kwenye jambo linalotenganisha watu vijijini kwetu leo.

Sikiliza namna linavyoanza. Kijiji kinapokea wakimbizi. Wiki za kwanza, wenyeji wanatoa mihogo, wanatoa sufuria, wanatoa kitanda. Kisha shirika linafika, linaweka hema kando ya kituo cha afya ao linakishika kituo chenyewe, na linatangaza: wakimbizi wanatunzwa bure. Vizuri. Lakini mwenyeji, ambaye shamba lake limekanyagwa na askari na akiba yake imekwisha kuliwa na wageni aliowapokea, yeye analipa. Anasimama katika mstari mmoja na mkimbizi, watoto wao wana homa moja, na mmoja analipa, mwingine halipi. Wazee wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mwenyeji anatazama na kusema: mgeni amekuja, yeye anapona, mimi ninaugua! Hapo maneno mabaya yanaanza. Wakimbizi wanaitwa wezi wa dawa. Wenyeji wanaitwa watu wa wivu. Na kijana mmoja mwenye bunduki akipita, anakuta kuni zimekwisha kukauka.

Mashirika mengine yameelewa, yanafungua mlango kwa wote, wenyeji na wageni. Hilo ni jema zaidi, lakini lina mwisho wake. Mradi ni wa miezi sita. Kwa miezi sita wote wanatunzwa bure, munganga anapata nyongeza ya shirika, dawa zinaletwa kwa gari. Siku ya mwisho wanapiga picha, gari linaondoka. Kesho yake titulere anatangaza bei ya zamani. Watu wanakasirika, wanasema amekula dawa za bure. Komite haina feza kwa sababu kwa miezi sita hakuna aliyelipa kitu. Mareko, waliozoea kupewa kitu kidogo na shirika, hawapiti tena. Na kituo kinakuwa kibaya kuliko kabla ya msaada. Mimi sisemi mashirika yasije. Bila wao wengi wenu mnaonisikia mngekuwa kaburini, na mwaka 1994 kule Goma, wakimbizi wa Rwanda walipokufa kwa kolera na kuhara kadiri ya 50,000 kwa mwezi mmoja, hakuna zoni ya afya hapa duniani ambayo ingeweza kubeba jambo lile peke yake. Ninasema tuwaulize maswali mapema, kabla ya hema kusimama. Msaada huu ni wa nani, wageni tu ao wenyeji pia? Ni mpaka tarehe gani? Miezi miwili kabla ya kuondoka, bei itarudi namna gani, kidogo kidogo ao kwa siku moja? Nani atabaki na dawa zilizosalia, na zitaandikwa katika daftari gani? Shirika lenye nia njema halitakasirika juu ya maswali hayo. Likikasirika, mmejifunza kitu.

Kuna mfano mwingine ambao watu wa Beni, Butembo na Mangina wanaujua kuliko mimi. Ebola ilitangazwa kule tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, na ilitangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020. Watu zaidi ya 3,400 waliugua, na 2,287 walikufa. Feza nyingi sana ziliingia, magari mengi, mishahara ambayo munganga wa kituo hajawahi kuona. Wakati uleule surua ilikuwa inaua watoto katika majimbo yote ya inchi: tangu mwanzo wa 2019 mpaka mwezi wa kwanza 2020, zaidi ya 6,000 walikufa, wengi wakiwa hawajafika miaka mitano. Surua ina chanjo ya bei ndogo inayojulikana tangu zamani. Watu wakauliza: kwa nini mnakimbilia ugonjwa mmoja, na mtoto wangu wa surua, wa malaria, na sisi tunaochinjwa usiku, hamtuoni? Swali lilikuwa la haki. Jibu la wengine halikuwa la haki: walichoma vituo, walipiga na kuua watumishi wa afya, na Ebola ikapata nafasi ya kukaa muda mrefu zaidi. Lakini mjue kwamba mahali ambapo wakubwa wa kijiji, wamama wa kanisa na titulere aliyezoeleka walishika kazi wao wenyewe, watu walikubali chanjo na mazishi salama kwa urahisi zaidi. Uaminifu huo haukuletwa na gari la Ebola. Ulikuwa umejengwa miaka mingi mbele, kwa kupima wamama wenye mimba kila juma na kutomdanganya mtu juu ya bei.

Sasa tuseme juu ya serikali, kwa sababu kuna watu wanaofikiri kwamba mtu wa amani ni yule asiyeidai serikali kitu. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006, katika kifungu cha 47, inasema haki ya afya inahakikishwa. Mwaka 2001, kule Abuja, wakubwa wa Afrika, pamoja na wa kwetu, waliahidi kutoa sehemu 15 kwa mia za bajeti ya serikali kwa kazi ya afya. Kongo bado haijafika huko. Tangu 2006 tumekuwa na mipango iliyoandikwa vizuri, ya miaka mitano mitano, na leo tuna mpango wa kufikisha matunzo kwa wote. Mwezi wa 9 mwaka 2023 serikali ilianza uzazi wa bure Kinshasa, kisha katika majimbo mengine kadhaa. Hilo ni jambo kubwa, na ninalisifu bila kusita. Ila uzazi wa bure maana yake ni kwamba mtu mwingine analipa badala ya mama, na hospitali inapashwa kulipwa kwa wakati wake. Hospitali ikitumika bila kulipwa, itarudia kuomba mama alete nyuzi, glavu na petroli ya jenereta, na neno la bure litabaki ukutani.

Na feza za wageni? Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilifunga USAID, shirika ambalo kwa miaka mingi lilisaidia kulipa dawa za malaria, za kifua kikuu na mengine katika zoni zetu nyingi. Mwezi wa kwanza wa mwaka uleule vita vikaingia Goma, na mwezi uliofuata Bukavu. Kambi za kando ya Goma zikabomolewa, watu wakarudi kwao ao wakatawanyika. Mambo mawili kwa mara moja: waliougua wakaongezeka, na kilichokuwa kikinunua dawa kikapunguka. Wazee waliopita 1991 waliona hali waliyoijua. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kufikiri miaka 20 ni kazi ya watu wa Kinshasa waliokaa vizuri, umwambie kwamba kwetu mashariki, asiyefikiri miaka 20 anaanza upya kila miaka miwili.

Ninawageukia sasa ninyi wakubwa wa vijiji. Kuna kazi ambayo ni yenu na hakuna mwingine atakayeifanya: hesabu ya watu. Dawa na chanjo za eneo la afya zinaagizwa kufuata idadi ya wakaaji. Eneo lililoandikwa watu 8,000, likipokea wengine 5,000, litaendelea kuletewa chanjo za watu 8,000 ikiwa hakuna aliyekwenda kubadilisha hesabu. Kisha mtasikia kelele kwamba wageni wamemaliza chanjo. Mwende pamoja na titulere na mwakilishi wa wakimbizi kwa munganga-mkuu wa zoni, na karatasi mkononi: vijiji gani wametoka, jamaa ngapi, watoto wangapi chini ya miaka mitano, wamama wangapi wenye mimba. Msiongeze watu wa uongo. Ninajua kishawishi hicho, kwa sababu karatasi ya idadi inaleta pia mchele na mablanketi. Lakini hesabu ikigunduliwa kuwa ya uongo, hata ile ya kweli haitaaminiwa mwaka ujao.

Pili, komite. Komite nyingi zilichaguliwa miaka mingi iliyopita na wengine wamekwisha kufa. Zifanyeni upya. Wekeni ndani yake wakimbizi wawili, mmoja awe mwanamke, wenye sauti sawa na wengine. Wawe pale siku ya kuhesabu dawa zilizofika na siku ya kuhesabu feza zilizoingia. Mkimbizi aliyeona kwa macho yake kwamba sanduku lina kidogo hatasema kambini kwamba mmekula. Na mwenyeji aliyemsikia mkimbizi akikubali kutoa franka kidogo, ao siku mbili za salongo kwa kupalilia uwanja na kuchimba shimo la takataka, hatasema tena kwamba wageni wanakula tu.

Na ninyi wakimbizi, kati yenu kuna wanganga, wakunga, watu wa maabara, mareko waliofanya kazi hiyo miaka 15 kule mlikotoka. Msikae kambini mkijificha. Jitambulisheni kwa titulere. Anaweza kuogopa kwamba mnataka nafasi yake. Mwambieni waziwazi kwamba mnataka kumsaidia. Wengine wenu mlikimbia na makaratasi ya chanjo ya watoto: yatunzeni kuliko kadi ya kura. Aliyeanza dawa ya kifua kikuu ao ya ukimwi, na akakimbia, asingoje kurudi kwao. Zoni unayokaa leo inapashwa kukupokea, kwa maana dawa hizo ukiziacha katikati, ugonjwa unarudi na nguvu zaidi. Usione haya. Titulere amezoea kutunza siri nzito kuliko hiyo.

Neno moja juu ya bunduki. Kituo cha afya kisiwe mahali pa kulala askari, wa upande wowote, hata usiku mmoja, hata wakisema wanakuja kuwalinda. Kikilaza askari, kimekuwa kambi, na adui wao atakiona kambi. Aliyejeruhiwa, yeyote awe, aache silaha nje na aingie atunzwe; mikataba ya Geneva ya 1949 inasema kila aliyejeruhiwa atunzwe. Ninajua ni vigumu sana kwa munganga kusema maneno hayo mbele ya kijana aliyelewa na mwenye kalashnikov. Kwa hiyo asiyaseme peke yake. Mwami, mchungaji, padri, imamu na mwakilishi wa wakimbizi waende kumwona komanda mchana, yeye akiwa ametulia, kabla ya siku mbaya kufika. Mahali pengine wamefanya hivyo, wakaandika bango mlangoni lenye picha ya bunduki iliyopigwa mstari, na limeheshimiwa. Mahali pengine halikuheshimiwa. Hata hivyo, ni vizuri kila komanda awe ameambiwa mapema, ili asiweze kusema hakujua.

Basi, juma hili, muulize titulere wako mambo haya matatu: komite itakutana tarehe gani, eneo letu limeandikwa watu wangapi, na dawa za mwisho zilifika lini. Akikujibu vizuri, msaidie kubeba maboksi. Akikosa kukujibu, nenda na wenzako wawili ao watatu kwa chefu, kwa upole, na mrudie swali. Wenye kuwa na daftari waandike majibu.

Juma lijalo, saa hii hii, tutazungumza juu ya chemchemi za maji zinazotumiwa na kambi na kijiji pamoja, na namna ya kupanga zamu bila kupigana. Yule mama wa mtoto mwenye homa, kumekwisha kuwa usiku: mpe maji kidogo kidogo, mfunike kwa nguo nyepesi, umlaze ndani ya chandarua. Ukiona anashikwa na kifafa, ao anakataa kunyonya, usingoje asubuhi, amsha jirani mwende. Usiku mwema.